Blauzi Ibane Kiuno, Iachie Kifua

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote, kuanzia Busia hadi Arua, na nyingi zinalia kilio kimoja: mwanamke ana umbo namba nane, anavaa blauzi, kiuno hakionekani. Wapo waliopunguza nguo mpaka mkono hauinuki, na bado nguo haijakaa. Tumechagua maswali tisa. Vipimo tumevitoa kwa inchi, kwa kuwa ndivyo tepu za mafundi wetu zinavyosomwa.

Kifua changu ni 38, kiuno 33, hipsi 40. Mashoga zangu wanasema mimi ni namba nane, fundi anakataa. Halafu kila fundi ananipima kiuno mahali pake. Nimfuate nani? — Mwalimu, Mbale

Dada mwalimu, kwa kawaida namba nane ni mtu ambaye kifua na hipsi vinakaribiana, tofauti ya inchi mbili au chini yake, na kiuno kimeingia ndani kwa inchi 8 au zaidi kuliko kifua. Kwa hesabu hiyo fundi wako ana haki. Lakini tunashuku hiyo 33 ilipimwa kitovuni, au pale sketi yako inapokaa, na huko siko kwenye kiuno.

Chukua lastiki nyembamba, ifunge tumboni bila kuikaza, kisha inama kushoto na kulia mara kadhaa. Itajisogeza yenyewe na kutulia penye wembamba. Kwa wengi ni inchi moja au mbili juu ya kitovu. Pima hapo, na usiivue lastiki mpaka fundi amalize vipimo vyote, maana kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka: kutoka kwenye mfupa wa nyuma ya shingo kushuka hadi kwenye lastiki, na kutoka begani kupita juu ya kifua hadi kwenye lastiki. Bila urefu huo fundi anakisia. Akikisia kiuno chini mno, sehemu nyembamba ya blauzi inakalia mwanzo wa hipsi, inakataa kushuka, inajikunja mgongoni.

Pimwa ukiwa na sidiria utakayovaa na nguo hiyo. Sidiria iliyolegea inashusha kifua, na kila dati (mkunjo uliochongoka unaoshonwa ili kitambaa kifuate mwili) iliyopangwa kwa kipimo hicho itakosa mahali pake siku utakapovaa nyingine. Usivute tumbo ndani: blauzi haitakusubiri uvute pumzi.

Ukikuta kiuno bado ni 33, majibu yanayofuata yanakuhusu vilevile. Utapunguza kidogo tu kuliko wenzako.

Nilinunua kitenge kizuri Kiyembe nikampelekea fundi. Kifua ni 40, kiuno 30, hipsi 42. Blauzi inabana kifuani, mgongoni imejaa hewa, mbele inapanda juu, na dati zimechongoka kama pembe. Fundi anasema amefuata vipimo. — Mama wawili, Kisenyi, Kampala

Mama, fundi hajakudanganya. Vipimo amevifuata, ila amevigawa vibaya. Mafundi wengi huchukua kifua wakakigawa kwa nne: 40 inakuwa inchi 10 kwa kila robo, yaani 20 mbele na 20 mgongoni. Mwili wako haujagawanyika hivyo. Mwenye kifua kilichojaa anaweza kuwa na 22 mbele na 18 nyuma. Basi mbele pamepungukiwa inchi mbili na mgongoni zimezidi mbili, na jumla kwenye daftari la fundi bado ni 40 ile ile. Ndiyo maana akiongeza upana wa blauzi nzima, mgongo unazidi kujaa hewa na mabega yanaporomoka, huku kifua kinaendelea kubana.

Dawa ni kupima mara mbili. Pima kifua cha juu, tepu ikipita chini ya makwapa na juu ya matiti. Kisha pima kifua penyewe. Vigezo vingi vya kukatia, yaani karatasi zenye umbo la vipande vya nguo, vimechorwa kwa mwanamke ambaye tofauti ya vipimo hivi viwili ni inchi 2. Tuseme wewe cha juu ni 36: tofauti yako ni 4. Mwambie fundi akate mabega, shingo, makwapa na mgongo kwa kigezo cha mtu wa kifua cha juu 36, halafu aongeze inchi 2 mbele tu, yaani inchi 1 kwa kila nusu.

Namna ya kuiongeza ni hii. Kwenye karatasi ya nusu ya mbele, weka alama mahali ncha ya kifua inapoangukia. Chora mstari wima kutoka chini hadi kwenye alama, kisha uupinde kuelekea kwapa, ukutane nalo kwenye theluthi yake ya chini. Chora mwingine kutoka ubavuni, katikati ya dati, hadi kwenye alama ileile. Kata mstari wa kwanza kutoka chini ukiacha uzi mmoja tu wa karatasi pale kwapani. Kata wa pili kutoka ubavuni ukiacha hivyo hivyo kwenye ncha. Sasa vuta upande wa ubavuni mpaka kwenye ncha pafunguke inchi 1, na mwanya wa chini uwe na upana uleule kutoka juu hadi chini. Utaona dati ya ubavuni inajifungua yenyewe. Utaona pia kwamba upande wa ubavuni umeshuka kuliko upande wa katikati. Kata kipande cha katikati kwa mlalo na ukishushe mpaka vilingane. Urefu huo ulioongezeka ndio unaozuia blauzi kupanda mbele. Bandika karatasi chini ya mianya yote kabla ya kukata kitambaa.

Kiuno nacho kimeongezeka inchi 2 kwa njia hiyo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usikate tamaa, zitaondoka kwenye dati. Tufanye hesabu ya blauzi yako. Kifua 40 na nafasi ya kupumua 2 ni 42. Kiuno 30 na nafasi inchi moja na nusu ni 31½. Inabidi ziondoke inchi 10½ kati ya kifua na kiuno. Fundi akiziondoa zote ubavuni, mishono ya pembeni itapinda kama upinde na kitambaa kitavutana. Zigawe: ubavuni inchi 3 kwa jumla (robo tatu kwa kila ukingo, na kingo ziko nne), dati mbili za mbele za kiunoni, inchi 1¾ kila moja, hizo ni 3½, dati mbili za mgongoni, 1¼ kila moja, hizo ni 2½, na mshono wa katikati ya mgongo, robo tatu kila upande, hiyo ni 1½. Jumla 10½.

Kuhusu pembe: dati haitakiwi kufika kwenye ncha ya kifua. Kwa kifua chako iishie inchi moja na nusu kabla. Kwa mwenye kifua kidogo inchi moja inatosha. Mishono mitatu au minne ya mwisho ipite ukingoni kabisa mwa mkunjo, karibu itoke nje ya kitambaa, na fundi asirudishe cherehani nyuma. Aache nyuzi ndefu azifunge fundo kwa mkono. Kurudisha cherehani pale mwisho ndiko kunakofanya ncha ifure. Kisha pasi ipigwe juu ya taulo lililoviringishwa. Ukipiga dati juu ya meza unaibana upya.

Na hiyo iliyokwisha kushonwa? Geuza uangalie ndani. Kama ubavuni kuna ziada ya inchi nzima, upande wa mbele uachiwe. Kama hakuna, ingiza kipande kirefu chini ya kila kwapa: upana inchi 1 usawa wa kifua, kikipungua hadi sifuri kiunoni, na kisichofika sifuri pale juu kwapani, la sivyo mkono utabana. Tumia mabaki ya kitenge hicho hicho. Na siku nyingine loweka kitenge cha pamba, ukianike na kukipiga pasi kabla ya kukata. Fundi akikuambia kitajiachia baada ya kufuliwa, jua kinarudi ndani.

Nanunua blauzi za mitumba Owino. Zikitosha kifua, kiuno ni gunia. Zikitosha kiuno, vifungo havifungi. Na namba za kwenye lebo zinanichanganya. — Mhudumu wa saluni, Kampala

Lebo kwanza. Namba ya Marekani iko chini ya ya Uingereza kwa 4, kwa hiyo 10 ya Marekani ni karibu sawa na 14 ya Uingereza, na kwenye lebo za Ulaya utaikuta kama 42. Ila lebo ya mtumba inaongea habari ya nguo siku ilipotoka dukani. Baada ya hapo imefuliwa, imerudi, pengine imeshapunguzwa na mtu. Nenda Owino na tepu. Tandaza blauzi, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kwa kitambaa kisichovutika inatakiwa iwe kifua chako na inchi 2.

Nunua inayotosha kifua na mabega, kiuno utakishughulikia. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kupunguza mabega ni kuing'oa mikono na kuirudisha, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya blauzi yenyewe.

Kosa la kupunguza tunaliona kila siku: fundi anapiga mshono mmoja ulionyooka kutoka kwapani hadi pindoni. Kiuno kinapungua, sawa, na kifua kinapungua, na hipsi zinapungua. Blauzi inapanda mpaka ikute mahali pa kukaa, nawe kutwa unaivuta chini.

Ivae ikiwa imegeuzwa ndani nje, mtu akubandike pini. Aanze inchi mbili chini ya kwapa bila kuchukua kitu, aingie taratibu, achukue nyingi pale kwenye lastiki ya kiuno, kisha aachie taratibu mpaka arudi kwenye mshono wa zamani usawa wa hipsi. Pini ikichukua nusu inchi ya kitambaa kilichokunjwa, mzunguko umepungua inchi moja upande huo. Usizidishe inchi moja ya mkunjo kila upande. Kilichobaki kiondolewe mgongoni kwa dati mbili zenye ncha juu na chini, kila moja karibu inchi 3½ kutoka katikati ya mgongo, zikianza inchi moja chini ya usawa wa kwapa na kuishia kabla makalio hayajajaa. Zianze kushonwa katikati kwenda ncha ya juu, kisha katikati kwenda ncha ya chini, zisishonwe kutoka ncha hadi ncha.

Kabla ya cherehani, piga bandi kwa mkono, uvae, ukae kitini, uinue mikono. Ukishona kabisa, katakata ziada ya mshono kwa ncha ya mkasi pale kiunoni, kila baada ya nusu inchi hivi, bila kugusa uzi. Mshono uliopinda usiokatwa hivyo unavuta ndani na kuacha mikunjo midogo midogo ambayo pasi haiitoi.

Nafanya kazi ofisi ya serikali Entebbe. Mashati yangu yanafunguka kifuani kati ya vifungo. Nimechoka na pini. — Karani

Tunakuelewa, hasa kwa kuwa waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma wa mwaka 2017 unataka kifua kifunikwe na unakataza blauzi zinazoonyesha mwili na zisizo na mikono.

Simama mbele ya kioo, usiguse shati. Je, kuna mikunjo inayotoka kwenye kifungo ikielekea makwapani? Mikunjo huelekea panapobana, kwa hiyo shati ni dogo kifuani na hakuna kifungo kitakachokuokoa. Nunua kubwa zaidi, lipunguzwe kiuno kama tulivyomweleza dada wa saluni. Lakini kama shati limetulia na linafunguka tu unapokaa au kunyoosha mkono kuchukua faili, kosa ni mahali vifungo vilipo. Kiwandani vifungo hupangwa kuanzia kola kwenda chini bila kujua kifua chako kiko wapi.

Ukishonesha, mwambie fundi aweke kifungo kimoja usawa wa ncha ya kifua kabla ya vyote, kisha apange vingine kwenda juu na kwenda chini kwa kuachana inchi 3. Kwa shati la dukani, shona kifungo kidogo cha chuma cha kubonyeza kati ya vifungo viwili pale panapofunguka. Nusu moja ishikwe upande wa ndani wa ukanda wa juu, sindano ipite kwenye tabaka la ndani tu, ili uzi usionekane nje.

Wapo watakaokushauri ushone ukanda wa vifungo ufungike moja kwa moja na uvae shati kwa kulipitisha kichwani. Kwa mwenye umbo la kunyooka inafaa. Kwako haifai: shati lililopunguzwa, tuseme, mpaka inchi 31 kiunoni litapitaje kwenye kifua cha 38 na mabega juu yake? Utakwama mikono ikiwa hewani, au mshono upasuke. Labda uweke zipu ubavuni.

Ukichomeka, shati lisijae juu ya mkanda: kabla ya kufunga zipu ya sketi, shika kitambaa kinachozidi kwenye mishono ya pembeni, kikunje kuelekea mgongoni pande zote mbili, ndipo ufunge.

T-sheti je? Zote zinaninyooka kama bomba. — Mwanafunzi, Jinja

Angalia ubavuni. T-sheti nyingi za bei nafuu, hasa za matangazo na za kampeni, zimefumwa kama bomba kweli, hazina mshono wa pembeni. Hazina pa kuingilia ndani. Tafuta yenye mishono iliyopinda kiunoni, au mpe fundi aitengeneze mishono hiyo, ila aangalie sindano. Kitambaa cha kuvutika kinataka sindano yenye ncha ya duara; sindano ya kawaida inakata nyuzi na baada ya kufua mara chache utaona vitundu kando ya mshono. Mshono ulionyooka nao utakatika ukiuvuta, kwa hiyo apige zigizaga nyembamba au ovaloki. Urefu uishie kwenye mfupa wa nyonga, au uchomeke. T-sheti inayoishia pale hipsi zilipojaa zaidi inachora mstari hapo hapo.

Nauza vitenge mpakani na wateja wanataka blauzi za peplamu. Nikivaa mimi mwenyewe naonekana nimefura. Nina kiuno 28. — Mfanyabiashara, Busia

Mama, peplamu, yaani kipande kinachoshonwa kiunoni na kufunguka juu ya hipsi, ni nguo ya namba nane, lakini hipsi unazo tayari; usiongezewe nyingine. Peplamu ya marinda au ya duara kamili inafaa mwenye hipsi nyembamba. Kwako nusu duara inatosha: inalala bila mikunjo pale kiunoni na kufunguka kidogo tu kuelekea chini.

Hesabu ni rahisi. Chukua kiuno cha blauzi iliyokamilika, si cha mwili: 28 na nafasi 1 ni 29. Gawa kwa 3.14 upate 9¼. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya mstari wa mshono. (Kwa duara kamili ungegawa kwa 6.28, upate inchi 4 na kidogo zaidi ya nusu.) Kunja kitambaa mara moja tu, weka tepu kwenye kona ya mkunjo, chora upinde wa 9¼. Ziada ya mshono ya nusu inchi inakwenda ndani, kuelekea kona, kwa hiyo mkasi upite kwenye 8¾. Fundi akiiweka nje anapanua mstari wa kiuno kwa zaidi ya inchi moja na nusu, kisha inabidi aurushie marinda, na hapo unaanza kufura. Urefu wa inchi 5 au 6 kutoka mshononi, kisha ongeza inchi moja ya pindo. Ongeza nusu inchi ya mshono kwenye kingo mbili zilizonyooka, ambazo zitakutana katikati ya mgongo penye zipu. Nusu yadi ya kitenge inatosha peplamu, maana upana unaohitaji ni inchi 33 au 34.

Mshono wa kiuno ndio wenye kazi. Ukishuka hata nusu inchi chini ya kiuno, peplamu inaegemea hipsi na kusimama kama mwavuli. Ni afadhali upande robo inchi juu. Na pindo lisiishie penye hipsi zilizojaa zaidi; liishie kabla au lipite. Mwisho, sehemu za nusu duara zilizokatwa mshazari hurefuka zikining'inizwa. Tundika blauzi usiku kucha bila pindo, kesho yake sawazisha kwa kupima kutoka mshono wa kiuno, ndipo upinde.

Mimi ni Mwislamu, navaa blauzi ndefu zinazofika mapajani. Sitaki zibane, lakini zinaning'inia kutoka kifuani naonekana mjamzito. — Msomaji, Arua

Kitambaa kikishuka moja kwa moja kutoka kwenye ncha ya kifua kinafunika kiuno chote kama pazia. Si lazima kibane ili kiache kufanya hivyo. Omba mkato wa prinsesi: mishono miwili inayoanza begani, inapita juu ya kifua na kushuka hadi pindoni. Mishono hiyo inafanya kazi ya dati zote bila dati kuonekana. Nafasi iwe ya ukarimu: inchi 4 juu ya kipimo cha kifua, 5 au 6 kiunoni, 5 kwenye hipsi. Mwenye kiuno 30 blauzi yake itakuwa 35 au 36 pale. Haigusi mwili, lakini inaingia ndani vya kutosha jicho kuona. Chukua zaidi mgongoni kuliko mbele. Mipasuo ya pembeni ianzie chini ya hipsi, ili kitambaa kisikwame unapotembea.

Krepu na viskosi huanguka vizuri. Poliesta nyepesi inajibandika mwilini, hasa msimu wa kiangazi huko kwenu, na itakuonyesha zaidi ya nguo ya kubana. Ukiipenda itie bitana ya pamba.

Nina sherehe Mbarara, nitavaa mushanana. Topu ya ndani iweje? — Bi harusi mtarajiwa

Iwe tulivu. Mushanana ni sketi na shuka ya juu inayopita bega moja, kwa hiyo bega la pili na upande mmoja wa kifua vinaonekana vizuri: shingo isiyo na vifungo wala nakshi nzito, mkanda wa bega wenye upana wa kuficha sidiria. Kiunoni sketi inajikunja tabaka kadhaa, basi topu isiwe na mshono wala lastiki hapo. Ishuke inchi 4 au 5 chini ya kiuno ili isichomoke ukipiga magoti. Ikiwa ya satini, iwekewe zipu ubavuni upande utakaofunikwa na shuka. Satini haivutiki, na alama za pini na za mishono iliyofumuliwa hazifutiki, hivyo ijaribiwe kwanza kwa kitambaa cha bei rahisi.

Vitenge vya maua makubwa vinaniharibia umbo? — Msomaji, Fort Portal

Vinaharibu pale fundi anapokata bila kutazama. Ua kubwa likiangukia kwenye ncha ya kifua, na la pili upande wa pili, hakuna atakayeona kingine. Weka ua moja katikati ya kifua kuelekea shingoni, au upande mmoja karibu na bega, na kiunoni uache sehemu yenye michoro midogo. Ongeza robo tatu ya yadi juu ya kawaida kwa ajili ya kulinganisha. Mishono ya prinsesi uiepuke kwenye vitenge hivyo, maana inakata ua vipande viwili visivyokutana. Tumia dati ya ubavuni, haionekani sana. Na fundi akate mbele kwanza, kitenge kikiwa kimefunguliwa na upande wenye mchoro ukitazama juu.